Mège-Mouriès: Mfaransa aliyevumbua majarini, faida wakavuna wengine

KATIKA baridi ya Githongo, Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mafuta ya kula huganda upesi. Namna yanavyoganda ndiyo iliyompa sifa mwanakemia Hippolyte Mège-Mouriès, aliyezaliwa mwaka 1817 huko Draguignan, Ufaransa.

Akiwa tayari amejulikana kwa utafiti wa mkate, aligeukia siagi, iliyokuwa ghali mno. Mtawala wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu, alikuwa ametangaza zawadi kwa atakayebuni mbadala wake kwa ajili ya mabaharia na maskini. Mège-Mouriès aliyeyusha mafuta ya ng'ombe, akayaacha yapoe hadi sehemu ngumu ikawa chembe ziitwazo fuwele, akakamua sehemu laini na kuikoroga kwa maziwa. Mwaka 1869 akapewa hataza.

Mwaka 1871 aliwauzia Jurgens wa Uholanzi uvumbuzi huo, na mwaka 1880 akafariki. Alichumia juani, wengine wakalia kivulini: kampuni ya Jurgens baadaye ilikuwa miongoni mwa zilizounda Unilever, iliyoeneza Blue Band Afrika Mashariki.

Waliomfuata walitumia emulsifaya, kama vile lesithini, kuzuia maji na mafuta yasitengane. Baadhi ya emulsifaya huganda kabla ya mafuta, na fuwele zake huwa mbegu ya fuwele za mafuta. Mbegu zikiwa nyingi, fuwele huwa ndogo, na majarini hupakika vizuri mkateni, hata asubuhi ya baridi Githongo.