Redmayne: Meneja wa mgodi aliyegeuka mkaguzi wa mameneja

KABLA hajakuwa mtu wa kuogopwa na mameneja wa migodi, Richard Redmayne alikuwa meneja mwenyewe. Ujanja wote wa kazi aliujua, ndio maana kumpiga chenga hakukuwa rahisi.

Alizaliwa mwaka wa 1865 mjini Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, ambako riziki ya maelfu ya familia ilitoka kwenye makaa ya mawe. Hakuanzia ofisini. Alijifunza kazi katika migodi ya Hetton, akaenda Natal, Afrika Kusini, kisha akarudi kwao kusimamia mgodi wa Seaton Delaval. Meneja enzi hizo alibanwa pande mbili: mwenye kampuni anataka tani nyingi, mchimbaji naye anataka hewa safi na paa lisilomwangukia.

Mwaka wa 1902 jamaa akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Wanafunzi wake hawakukariri vitabu tu. Chuo kilitengeneza mgodi wa mfano wa kufanyia mazoezi.

Serikali ikamwita mwaka wa 1908. Wakaguzi walikuwako tangu zamani, kila mmoja na eneo lake. Redmayne ndiye aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa kwanza wa wote.

Mtihani mgumu ulikuja haraka. Mnamo Mei 11, 1910, moto ulizuka katika mgodi wa Wellington mjini Whitehaven, ambao njia zake zilienda hadi chini ya bahari. Wanaume na wavulana 136 walinaswa ndani. Redmayne aliteremka pamoja na waokoaji, lakini moshi na joto vikawazidi nguvu. Njia iliyobaki ilikuwa kuziba mgodi ili moto ukose hewa. Lakini je, ikiwa kuna aliye hai huko ndani? Juu, familia zilikuwa zikisubiri. Redmayne na wenzake wakaamua uzibwe. Miezi ilipita kabla ya mgodi kufunguliwa na miili kutolewa. Hakuna aliyepatikana hai.

Desemba mwaka huo huo, mlipuko katika mgodi wa Pretoria, karibu na Bolton, uliua watu 344.

Sheria mpya ya migodi ikapitishwa mwaka wa 1911. Kati ya mambo iliyodai ni feni zenye uwezo wa kugeuza mkondo wa hewa, ili moto ukizuka, moshi usisukumwe kuelekea waliko wachimbaji. Makampuni yakaongezewa muda hadi mwisho wa Septemba 1913.

Wiki mbili tu baadaye, Oktoba 14, mgodi wa Senghenydd huko Wales ulilipuka. Wachimbaji 439 walikufa, pamoja na mwokoaji mmoja. Feni ya kugeuza hewa? Kazi hiyo ilikuwa haijakamilika.

Redmayne aliongoza uchunguzi, mwakilishi wa wenye migodi akiwa upande mmoja na wa wachimbaji upande mwingine. Angeweza kumfunika meneja mwenzake, maana presha ya kiti kile aliijua. Hakufanya hivyo. Kilichowasha mlipuko hakikuthibitishwa kikamilifu, lakini ripoti ilianika jinsi sheria ilivyovunjwa.

Kesi ikafika mahakamani. Meneja alitozwa faini ya pauni 24, na kampuni, baada ya rufaa, pauni 10. Hesabu mwenyewe: pauni 34 kwa roho 440.

Hapo ndipo mamlaka ya mkaguzi yalipofikia ukingoni. Aliweza kushuka mgodini, kuuliza na kuandika ukweli. Kupanga bei ya uhai haikuwa kazi yake.

Redmayne aliacha wadhifa huo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akawa rais wa chama cha wataalamu walioajiriwa serikalini hadi alipofariki mwaka wa 1955. Wewe unayeota kuwa bosi siku moja, jiulize: ukipewa kalamu ya kuwakagua mabosi wenzako, utaandika ulichokiona?