Joe Louis: Asilimia 10 iliyofungua mlango wa ubingwa

Mwanzoni mwa 1937, James Braddock alishika mkanda wa dunia wa ndondi za uzito wa juu, na watu wawili walikuwa wakiusubiri. Mmoja alikuwa Max Schmeling wa Ujerumani, aliyekuwa na mkataba wa kupigana naye New York mwezi Juni. Mwingine alikuwa Joe Louis, kijana mweusi wa miaka 22 kutoka Detroit, ambaye Schmeling huyo huyo alikuwa amemwangusha mwaka uliotangulia. Kwa haki zamu ilikuwa ya Schmeling. Aliyepanda ulingoni ni Louis.

Joseph Louis Barrow alizaliwa 13 Mei 1914 katika jimbo la Alabama, kwa wazazi waliolima pamba. Mwaka 1926 familia ilihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari. Husimuliwa kwamba mama yake alimpa fedha za masomo ya fidla, naye akazipeleka kwenye ukumbi wa ngumi. Julai 1934 akaingia ngumi za kulipwa mjini Chicago, na mpaka mwaka unakwisha alikuwa ameshinda mapambano yote 12.

Mameneja wake walikuwa weusi wawili: John Roxborough, aliyetajirika kwa bahati nasibu haramu ya mitaani, na Julian Black wa Chicago. Mkufunzi Jack Blackburn, bondia wa zamani, hakutaka kumchukua mwanzoni. Alijua kwamba tangu Jack Johnson apoteze ubingwa mwaka 1915, hakuna mweusi aliyepewa nafasi ya kuugombea katika uzito huo. Harry Wills alimsubiri Jack Dempsey miaka na miaka hadi nguvu zikamwisha.

Kwa hiyo kumchagulia Louis mpinzani hakukuwa kazi ya kutafuta mwenye ngumi nzito tu. Mpinzani alipaswa kuwa na jina, ajaze viti, na asiache nafasi ya majaji kuamua, maana Blackburn hakuwaamini majaji na kijana mweusi. Louis mwenyewe aliwekewa masharti ya nje ya ulingo: asipigwe picha na mwanamke mzungu, asimcheke aliyeanguka. Johnson alifanya yote mawili, na waliomfuata wakalipia.

Lango kuu lilikuwa ukumbi wa Madison Square Garden, uliokuwa na mikataba ya mabingwa. Husimuliwa kwamba Roxborough alipopiga simu huko, aliambiwa kijana wake atalazimika kupoteza baadhi ya mapambano, naye akakata simu. Anayepitisha mzigo mpakani anamjua mtu wa namna hiyo.

Njia nyingine ikajitokeza. Mike Jacobs, aliyeanza maisha kwa kulangua tiketi, alikuwa promota mpinzani wa Garden na alihitaji bidhaa. Alimkuta Louis mwaka 1935, akamsaini, na hakumtaka apoteze hata moja.

Chaguo lake la kwanza New York lilikuwa Primo Carnera, jitu la Italia lililowahi kuwa bingwa. Juni 1935 Mussolini alikuwa akijiandaa kuivamia Ethiopia, na kwa Wamarekani weusi pambano lile lilikuwa vita vya Habeshi na Mwitalia. Watu zaidi ya 60,000 waliingia Yankee Stadium. Carnera alikwisha raundi ya sita. Septemba ikafuata zamu ya Max Baer, naye bingwa wa zamani, aliyeshindwa raundi ya nne. Mapato ya mlangoni yalikaribia dola milioni moja, katikati ya dhiki kuu ya uchumi.

Ndipo akachaguliwa Schmeling. Hesabu ilionekana rahisi: Baer alimpiga Schmeling mwaka 1933, Louis akampiga Baer. Mjerumani alikuwa na miaka 30, jina kubwa, na wengi walimhesabu kuwa amekwisha. Hakuna aliyejali kwamba Schmeling alikuwa amemtazama Louis kwa makini na kuona kosa moja: kila akirusha ngumi ya kushoto, mkono huo ulirudi chini. Louis kambini alikuwa akicheza gofu. Tarehe 19 Juni 1936 mkono wa kulia wa Schmeling ulipita katika mwanya huo usiku kucha, na raundi ya 12 Louis akahesabiwa hadi kumi.

Hapa ndipo ninapomvulia Jacobs kofia, ingawa hakuwa mtu wa kupendwa. Hakumficha kijana wake, wala hakumrudisha kwa Schmeling kwa hasira. Baada ya miezi miwili tu alimleta Jack Sharkey, bingwa wa zamani aliyechoka, jina zito lenye hatari ndogo. Sharkey akaanguka raundi ya tatu. Mpaka Februari 1937 Louis alikuwa amepigana mara saba, miji mbalimbali, akashinda zote. Bob Pastor alimkimbia raundi kumi nzima New York na watu wakazomea, lakini ushindi ni ushindi.

Wakati huo Jacobs alikuwa akizungumza na Joe Gould, meneja wa Braddock. Gould alikuwa na sababu zake. Makundi ya kupinga Wanazi yalitishia kususia pambano la Schmeling, na ilihofiwa kwamba mkanda ukienda Berlin hautarudi. Louis angeleta watu wengi. Bado Gould alitaka kitu cha kudumu: Braddock akipoteza, apate asilimia 10 ya faida ya Jacobs katika mapambano ya ubingwa wa uzito huo kwa miaka 10. Jacobs akakubali. Garden ikaenda mahakamani, ikashindwa. Tarehe 3 Juni 1937 Schmeling alifika kupima uzito New York, akapima peke yake. Aliporwa zamu yake, na sioni jina jingine la kuliita jambo lile.

Tarehe 22 Juni mjini Chicago, Braddock alimwangusha Louis raundi ya kwanza. Louis akainuka, na raundi ya nane mkanda ukawa wake. Mwaka mmodja baadaye, siku ile ile, alimpa Schmeling zamu aliyomdai, akammaliza kwa sekunde 124. Aliutetea ubingwa mara 25, karibu miaka 12.

Fedha hazikukaa. Mameneja na promota walikata sehemu zao, yeye alitoa mikono wazi, na mwaka 1942 alitoa malipo ya mapambano mawili kwa mifuko ya jeshi la majini na la nchi kavu. Serikali ilimdai kodi hata hivyo. Deni lilimrudisha ulingoni mzee, mpaka Rocky Marciano alipomwangusha 1951. Baadaye alipigana mieleka, kisha akawa mkaribisha wageni katika kasino ya Las Vegas.

Alifariki huko 12 Aprili 1981 na kuzikwa Arlington, makaburi ya wanajeshi. Schmeling, aliyekuwa tajiri wa vinywaji Ujerumani na rafiki yake wa miaka mingi, alichangia gharama za mazishi.