Charles de Foucauld na Urithi Wake

Wengi wetu tumekwisha kuiona picha ya Charles de Foucauld: padri aliyekonda, mwenye kanzu nyeupe, na kifuani moyo wenye msalaba juu yake. Lakini si wengi wanaojua ya kuwa mtu huyu aliyekonda alikuwa zamani kijana mnene hata nguo za askari zikakosa kumtosha, na ya kuwa alikuwa na fedha tele asijue za nini.

Alizaliwa katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1858, katika ukoo wa heshima. Mwaka 1864, kabla hajatimiza miaka sita, alifiwa na mama yake, kisha na baba yake. Yeye na dada yake mdogo Marie wakalelewa na babu yao mzaa mama, koloneli mstaafu, mzee mwenye huruma ambaye, kwa maoni yangu, alimpenda mjukuu kupita kiasi asiweze kumkemea. Charles angali shuleni alianza kuiacha imani. Babu akafariki mwaka 1878, na punde si punde kijana wa miaka 20 akatiwa urithi wote mkononi.

Wakati huo alikuwa akisomea uofisa wa askari wa farasi huko Saumur. Akala vyakula vya anasa, akavuta sigara za bei kubwa, akacheza michezo ya fedha, akawaita rafiki zake karamuni usiku baada ya usiku. Katika mtihani wa mwisho alikuwa wa 87 kati ya wanafunzi 87. Mali ilimwagika kama maji katika mtungi uliopasuka, hata mwaka 1882 ndugu zake wakaenda tribunali, naye akawekewa msimamizi wa fedha zake kama mtoto mdogo.

Jambo la kustaajabisha ni hili: karamu zile hazikumfurahisha yeye mwenyewe. Miaka mingi baadaye, katika maandishi yake ya sala, aliungama ya kuwa kila usiku alipobaki peke yake chumbani huzuni ilimshika. Tena hata katikati ya karamu aliyoiandaa na kuilipia mwenyewe alikaa kimya, amechoshwa na vyote.

Najua msomaji atasema moyoni: huzuni ya mtu aliyeshiba si kitu mbele ya huzuni ya mama asiye na unga. Ni kweli, wala sitaki kuzilinganisha. Mzazi anayekuja mlangoni pangu mwanzo wa mwaka, amekosa bei ya madaftari, siwezi kumwambia ya kuwa fedha si kitu. Naye Charles, kama tutakavyoona, hakuacha kuwatafutia wengine fedha hata alipokwisha kuziacha zake.

Basi, aliondoka jeshini, akaazimu kusafiri katika Moroko, nchi iliyokuwa karibu imefungwa kwa Wakristu. Kwa miezi 11, tangu Juni 1883, alizunguka humo amejifanya rabi maskini wa Kiyahudi, pamoja na kiongozi wake Mardochée Aby Serour. Yule bwana wa karamu akalala chini, akala chakula cha wasafiri maskini, akatukanwa njiani. Mwaka 1885 Shirika la Jiografia la Paris likampa medali ya dhahabu kwa kazi ile. Lakini kuwaona Waislamu wakimsujudia Mungu kulimtikisa kuliko medali. Akarudi Paris, akaanza kuingia makanisani na kumwomba Mungu, kama yuko, amjulishe kwamba yuko. Mwisho wa Oktoba 1886 akamwendea Padri Huvelin katika kanisa la Mtakatifu Augustino, apate mafundisho ya dini. Padri hakubishana naye. Alimwamuru apige magoti aungame. Akaungama, akapokea Komunyo takatifu siku ile ile.

Mwezi wa Januari 1890 akaingia kwa wamonaki Watrapisti, na mali yake akamwachia dada yake Marie. Wakampeleka monasteri ya Akbès, upande wa Siria. Hapo mngedhani ametulia. Lakini mwaka 1894 alitumwa kusali nyumbani kwa mfanyakazi mmoja Mkristu aliyekufa karibu ya monasteri. Alipoiona nyumba ile, kisha akakumbuka nyumba ya wamonaki, akatambua kwamba kuwa maskini kwake kulikuwa bado na ukuta imara na chakula cha uhakika. Wazo hilo halikumwacha. Mwaka 1897 akaruhusiwa kutoka, akawa mtumishi wa masista Waklara huko Nazareti, akilala katika kibanda cha vyombo vya shamba, na ujira wake ulikuwa kibanda hicho na mkate. Miaka ile ilikuwa ya raha kubwa kwake.

Alipadirishwa tarehe 9 Juni 1901, akaenda jangwani Algeria, mahali paitwapo Béni Abbès. Hapo fedha zikarudi mkononi mwake, kwani binamu yake Marie de Bondy na rafiki wengine walimpelekea msaada. Mlango wake haukufungwa kwa maskini, wasafiri, askari wala watumwa. Mwezi wa Januari 1902 alimkomboa mtumwa wa kwanza kwa fedha. Akakomboa wengine, lakini watumwa walikuwa wengi, na fedha chache. Akawaandikia wakubwa akilalamika kwamba serikali ya Ufaransa inaacha utumwa uendelee.

Mwaka 1905 akajenga kibanda Tamanrasset, kati ya Watuareg, akaanza kuandika kamusi kubwa ya lugha yao, ambayo ilichapwa baada ya kufa kwake katika vitabu vinne, mwaka 1951 na 1952. Mwaka 1907 ukame ukaikausha nchi. Alikuwa na akiba ya chakula; akaigawa, hasa kwa watoto, hata ikaisha. Noeli ile hakuweza kusoma Misa, maana hakuwa na Mkristu mwingine wa kuwa pamoja naye. Mwezi wa Januari 1908 akaanguka mgonjwa, hawezi hata kusimama. Hakuwa tena na kitu cha kumpa mtu. Ndipo Watuareg, wenye njaa wao wenyewe, wakatafuta pande zote mbuzi waliobaki na maziwa, wakamletea maziwa hayo kidogo kidogo mpaka akapona. Miaka sita alikuwa ametoa. Mwaka ule alipokea.

Tarehe 1 Desemba 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, watu wenye silaha wakalizunguka boma alilolijenga ili wenyeji wapate kimbilio. Mtu mmoja ambaye Charles alikuwa amemsaidia alimwita mlangoni kwa hila. Wakamfunga kamba, wakapora vilivyomo. Kisha kijana aliyewekwa kumlinda akashikwa na hofu, akampiga risasi. Alikuwa na miaka 58. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Moussa ag Amastan, mkuu wa Watuareg wa nchi ile, alipopata habari ya kifo chake alilia. Kisha akapeleka barua ya rambirambi Ufaransa, kwa Marie, yule dada aliyeachiwa mali yote.