Daktari wa jicho moja aliyeusaka uvimbe kwa gari kuukuu

Fungua ramani kwenye simu yako, uandike Kinakomba. Utapelekwa Kaunti ya Tana River, eneobunge la Galole, ukingoni mwa Mto Tana. Upande wa mto kuna mahindi, ndizi na maembe ya Wapokomo, upande wa malisho kuna ng'ombe wa Waorma. Ni bondeni, chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, na joto lake unalijua kama umewahi kushuka kwenye basi la Hola saa nane mchana. Mvua yenyewe ni haba, lakini mto ukifurika, kama ulivyofanya wakati wa El Niño ya 1997 na tena 2018, maji hutuama kila mahali na mbu hufanya sherehe.

Mwinuko, joto, mvua, mbu. Shika hayo manne, utayahitaji. Kuna daktari mmoja aliyezunguka nusu ya bara hili akiuliza juu ya mambo kama hayo, na majibu aliyopata yakafungua njia ya kugundua virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Aliitwa Denis Burkitt, na kazi yake kubwa aliifanyia hapa kwetu, si London.

Alizaliwa Februari 28, 1911, Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara ambaye wakati wa mapumziko alifanya jambo ambalo majirani bila shaka walilishangaa: aliwavisha ndege wadogo wa bustanini pete miguuni, kisha akachora ramani ya mipaka ya kila ndege. Tabia ya kuweka mambo kwenye ramani, basi, ilikuwa ya nyumbani.

Akiwa na miaka 11, jiwe lililorushwa na mtoto mwenzake lilimvunjia miwani na jicho moja likapotea. Alianza kusomea uhandisi Trinity College, Dublin, akauacha akahamia udaktari. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi, walimkataa. Ati daktari mpasuaji mwenye jicho moja wa nini? Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, jeshi halikuwa na nafasi ya kuchagua sana, likamchukua. Ndivyo alivyofika Kenya na Somalia kwa mara ya kwanza. Vita vilipoisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda, hospitali ya Lira.

Huko Lira kuna kisa ambacho ukiwa mtu wa Pwani utakielewa upesi. Burkitt aliona wanaume wengi wanaletwa kupasuliwa mabusha. Alipohesabu, akagundua wengi wanatoka mashariki mwa wilaya, magharibi ni wachache mno. Mbona hivyo, na ni wilaya moja? Akafuatilia hadi akaonyesha kwamba tofauti hiyo inaenda sambamba na minyoo ya matende, ile inayosambazwa na mbu. Tana River, Kilifi, Kwale na Lamu wanaujua ugonjwa huo hadi leo. Watu wengi huruka sehemu hii ya maisha yake kwa kuwa mabusha si mada ya kupendeza. Mimi naona ndipo alipojifunza kazi: mgonjwa ana kitanda, na ugonjwa una anwani.

Mwaka 1957, akiwa sasa mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amtazame mvulana wa miaka 5. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Meno yalikuwa yamelegea, uso umepinda. Burkitt alikuwa ameona uvimbe wa taya hapo awali, lakini pande nne kwa pamoja? Maambukizi hayafanyi hivyo, na saratani alizosomea Dublin hazifanyi hivyo. Akampiga picha, akabaki na fumbo.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja. Akachungulia dirishani, akaona nje msichana mdogo mwenye uso uleule. Alipompima akakuta na tumbo lina uvimbe. Hapo ndipo akaketi na mafaili ya Mulago, akayafungua moja baada ya jingine. Watoto walikuwemo humo tangu zamani: huyu ameandikiwa saratani ya taya, yule ya figo, mwingine ya ovari. Kila daktari aliona kipande chake. Burkitt akadai huo wote ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu wagonjwa 38, na dunia, kusema kweli, haikushtuka. Wataalamu wa patholojia wa Kampala ndio waliothibitisha kwa hadubini kwamba ni limfoma, yaani saratani ya chembechembe nyeupe za kinga.

Haki itendeke hapa. Albert Cook, daktari wa misheni Mengo, alikuwa ameshachora watoto wenye uvimbe wa namna hiyo kwenye kumbukumbu za hospitali yake mwanzoni mwa karne. Na mama waliokuwa wakiona meno ya watoto yanalegea ghafla walijua kuna jambo kabla ya daktari yeyote. Jina la Burkitt ndilo lililobandikwa. 

Alichofanya Burkitt, ambacho wengine hawakufanya, ni kuuliza: huu ugonjwa unaishia wapi? Akachapisha vikaratasi vyenye picha, akavituma hospitali za bara zima akiuliza kama wamewahi kuona kitu kama hicho. Majibu yakaingia, naye akawa anachomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zikajipanga kama mkanda katikati ya Afrika, na kimkia kinashuka upande wa mashariki kuelekea kusini. Kwa nini mkanda? Kwa nini mkia?

Oktoba 1961 akaamua kwenda kujionea ukingo wa huo mkanda. Alinunua Ford ya mwaka 1954 kwa pauni 250, akaondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alijua kutengeneza gari, jambo lililofaa kuliko digrii zao zote barabara zikichafuka. Wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, karibu hospitali 60, hadi Afrika Kusini na kurudi. Kila walipofika ilikuwa vilevile: wanatoa albamu ya picha, wanauliza wauguzi na madaktari, mmeuona huu? Safari nzima iligharimu chini ya pauni 700. Linganisha na bajeti ya kongamano moja tu la siku hizi, halafu unyamaze kidogo.

Walichokuta ni hiki. Karibu na Ikweta, ugonjwa ulipotea ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi. Ukienda kusini, kikomo kilishuka, hadi ukibaki tu kwenye nyanda za chini za pwani ya Msumbiji. Mwinuko wenyewe, basi, haukuwa sababu. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, ndiye aliyewaonyesha kwamba kinachokata ni joto: ugonjwa haupo mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 16 hivi, wala palipo na mvua chini ya milimita 500 kwa mwaka. Hiyo ni ramani ya nini? Ya mbu. Mwaka 1964 Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti na wenzake hapa Kenya, alitaja malaria waziwazi. Nchini mwetu ugonjwa huu umeonekana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nyandarua ni nadra kuupata. Rudi sasa Kinakomba: kwa kipimo cha mvua peke yake pako ukingoni mwa mkanda, lakini kipimo hicho hakijui kwamba kuna mto unaoleta maji ya mvua ya Mlima Kenya hadi mlangoni.

Machi 1961, kabla ya ile safari, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara hospitali ya Middlesex, London. Mmoja wa waliosikiliza alikuwa kijana mtafiti, Anthony Epstein. Wakakubaliana: Kampala itatuma vipande vya uvimbe kwa ndege. Kwa miaka miwili na zaidi Epstein hakuona kitu. Kisha Desemba 1963 ndege ikakwama kwa ukungu ikatua Manchester, na sampuli ikafika imechelewa, maji yake yamekuwa meupe kama yameoza. Badala ya kuitupa, aliitazama, akakuta ni seli hai zinaelea. Kutoka kwenye seli za namna hiyo, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi kwa hadubini ya elektroni, wakatangaza mwaka 1964. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr. Huenda hata wewe unavyo sasa hivi. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo, huambukizwa kwa mate, na wengi hawapati shida yoyote.

Kwa hivyo virusi peke yake havitoshi. Malaria ya mara kwa mara huzifanya chembechembe fulani za kinga zigawanyike kwa fujo na hulegeza ulinzi unaovizuia virusi hivyo. Katika fujo hiyo kromosomu mbili zinaweza kubadilishana vipande kimakosa, na jeni iitwayo MYC ikabaki imewaka kama taa isiyo na swichi. Uvimbe unaotokea huweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili. Hakuna saratani ya binadamu inayokua haraka kuliko hiyo.

Lakini mbio hizo zina faida yake. Karibu seli zote huwa zinagawanyika kwa wakati mmoja, na dawa za kemikali huua seli zinazogawanyika. Burkitt hakuwa na mashine za miale Kampala, akajaribu dawa alizopewa na Wamarekani, nyakati nyingine sindano chache tu, na uvimbe ukayeyuka ndani ya siku kadhaa. Nairobi, mpasuaji Peter Clifford alikuwa akifanya kazi kama hiyo. Wapo watoto waliopona kabisa. Wengine uvimbe ulirudi, mara nyingi kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo ambako dawa haikufika vizuri. Swali hilo la seli chache zinazojificha, kisha zinajenga upya na kuhamia kwingine, ndilo wanasayansi wanaliita leo suala la seli shina za saratani. Lilipata ushahidi mzito miaka ya 1990 kupitia utafiti wa saratani ya damu huko Toronto. Burkitt hakuwa na msamiati huo. Alikuwa na mtoto mbele yake aliyerudi tena wodini.

Mwaka 1966 aliondoka Uganda. Mwaka uliofuata Mulago ikafungua kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Yeye Uingereza akashika jambo jingine: nyuzinyuzi katika chakula. Alikumbuka kwamba wagonjwa wake vijijini hawakuwa na saratani ya utumbo kama Wazungu, akaanza kupima, usicheke, uzito wa choo. Cha wanakijiji wa Uganda kilizidi cha mabaharia Waingereza mara nne hivi. Alipenda mno nadharia yake, akaibebesha magonjwa mengi kuliko ilivyoweza kubeba, lakini kuhusu saratani ya utumbo mpana tafiti kubwa za baadaye zimemuunga mkono. Kumbuka hilo ukiagiza chipsi kwa mara ya tatu wiki hii.

Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na miaka 82. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt sasa hupona. Kwetu idadi iko chini sana, kwa kuwa wengi hufikishwa hospitali wamechelewa, au wazazi wanaishiwa nauli na fedha kabla dozi haijakamilika. Epstein naye aliishi hadi Februari 2024, akafa ana miaka 102. Chanjo ya virusi vyake bado inafanyiwa majaribio.