Arago na Nuru ya Bilauri

Wako wanavyuoni ambao elimu yao huishia kitabuni. François Arago hakuwa miongoni mwao, na ndiyo sababu twapenda kuueleza mwendo wake.

Alizaliwa mwaka 1786 katika mji wa Estagel, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1806 alitumwa Hispania kupima umbo la ardhi. Vita vilipozuka mwaka 1808, mioto aliyoiwasha mlimani huko Majorca kwa vipimo vyake ilidhaniwa kuwa ishara za jasusi, akatiwa gerezani. Alitoroka kwa mashua hata Algiers. Alipofunga safari ya kurudi kwao, jahazi lake likatekwa na Wahispania, wala hakuachiliwa mpaka Dei, mtawala wa Algiers, alipoingilia kati. Alifika Marseille mwaka 1809, vipimo vyake vikiwa salama. Mwaka huohuo, naye ni kijana wa miaka 23, aliingizwa katika Akademia ya Sayansi.

Mwaka 1811 alichukua kipande cha bilauri ya asili, yaani kwatzi, akakipitishia nuru iliyochujwa hata mtikisiko wake ukawa wa upande mmoja tu. Alipoitazama kwa chujio la pili aliona rangi, zikibadilika kila alipolizungusha. Jiwe lilikuwa limeupinda mtikisiko ule. Baadaye mwenziwe Biot alibainisha kuwa baadhi ya mawe hayo huupinda kuumeni, na mengine kushotoni.

Leo sababu yake yajulikana. Chembe za silikoni na oksijeni zimepangika mfano wa ngazi ya mnara: katika jiwe moja yazunguka kuumeni, katika jingine kushotoni. Mawe hayo yafanana kama makubadhi mawili, lakini la kulia halivaliki mguu wa kushoto.

Mwaka 1848 Arago alikuwa waziri wa bahari na makoloni. Tarehe 27 Aprili serikali yao iliamuru utumwa ukomeshwe, na watu wapatao 250,000 wakawa huru. Mwaka 1852 alikataa kumlia Louis-Napoléon kiapo cha utii, akawa tayari kupoteza kazi, akasamehewa kiapo.

Alifariki tarehe 2 Oktoba 1853, macho yake yakiwa karibu kupofuka. Basi na tujiulize, ndugu zetu: sisi tulio na macho mazima, twaona dhuluma ngapi, tukazifumbia?