Bruda wa Jikoni

Wako wengi wanaodhani kuwa raha ya moyo hutoka katika aina ya kazi: apataye meza ya ofisi atafurahi, naye ashikaye sufuria atanung'unika mpaka kufa. Na tumtazame Nicolas Herman.

Alizaliwa Lorraine, mashariki mwa Ufaransa ya leo, yapata mwaka 1614, kwa wazazi maskini. Akaenda vitani, akajeruhiwa mwaka 1635, akabaki akichechemea. Kisha alitumika nyumbani kwa mkubwa mmoja, na kwa kukiri kwake mwenyewe alikuwa mzito wa mikono, mvunja vyombo. Mwaka 1640 Wakarmeli wa Paris walimpokea, wakamwita Bruda Laurent wa Ufufuko.

Wakampeleka jikoni, mahali alipopachukia kwa tabia yake yote. Alikaa humo miaka ipatayo 15. Hakungoja apendezwe kwanza na masufuria; hata kugeuza mayai kikaangoni alikufanya kwa kumpenda Mungu, akiongea Naye moyoni katikati ya kelele za watu wenye kutaka hiki na kile. Alipotumwa Bourgogne kununua divai, shughuli asiyoiweza, mguu ulimzuia kutembea chomboni, naye akajiviringisha juu ya mapipa. Divai ikapatikana vizuri.

Lakini amani hiyo haikumjia upesi. Miaka kama 10 ya mwanzo aliteseka rohoni, na kwa muda aliamini kabisa kuwa amekwisha kupotea milele. Wanaomsifu huipita miaka hiyo mbiombio, nami naona wanakosa. Baba arudiye jioni amechoka, asijue anajisumbulia nini, anaihitaji hiyo kuliko sifa za baadaye. Nayo ilikoma pale tu Bruda alipokwisha kukubali kuishi na taabu ile siku zake zote.

Wala tajiri apunjaye mishahara asimfanye Bruda huyu ngao yake: yeye aliitoa kazi yake kwa hiari.

Baadaye alipewa kushona makubazi ya watawa. Hiyo aliipenda, lakini alikuwa tayari kuiacha kama alivyoliacha jiko. Padre Joseph de Beaufort, mtu wa cheo, alianza kumwendea mwaka 1666 ili ajifunze kwake. Bruda alifariki tarehe 12 Februari 1691, na mwaka uliofuata Padre huyo akazichapisha barua zake.