Peg Leg Bates: Mguu wa mti uliotikisa majukwaa ya dansi

MTOTO aliyekatwa mguu akiwa na umri wa miaka 12 angetarajiwa kuiaga dansi siku hiyo hiyo. Kwa Clayton Bates, huo ndio mwaka ambao dansi ilianza upya.

Bates alizaliwa Oktoba 11, 1907 katika mji mdogo wa Fountain Inn, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Familia yake ilikuwa ya wakulima weusi waliolima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno. Baba aliwakimbia, akamwachia mama, Emma, mzigo wote wa malezi. Tangu akiwa na miaka mitano, mtoto huyo alikuwa akicheza mbele ya watu ili atupiwe senti.

Umaskini ndio uliompeleka kiwandani angali mdogo. Katika kiwanda cha kuchambua pamba, taa zilizimika, akakanyaga mashine iliyokuwa ikizunguka, nayo ikamsaga mguu wa kushoto. Ilikuwa enzi ya ubaguzi wa rangi na mtu mweusi hakuwa na hospitali ya kukimbilia. Mguu ulikatwa nyumbani, juu ya meza ya jikoni. Mjomba wake, Whit, alimchongea mguu wa mti.

Kwa mguu huo Bates alijifunza upya dansi ya kugonga sakafu kwa viatu. Ncha ya mti aliiwekea ngozi upande mmoja na mpira upande mwingine, akapata mlio mzito ambao kiatu cha kawaida hakiutoi. Alikuwa akiruka juu na kutua kwa ule mti, mguu mzima ukiwa umenyooshwa nyuma. Baadaye alikuwa na miguu ya mti ya rangi mbalimbali, kila mmoja ukiendana na suti yake.

Mwaka 1928 aliingia katika onyesho la Blackbirds mjini New York, akafika nalo hadi Paris. Miaka ya baadaye alionekana zaidi ya mara 20 katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Hata hivyo, ukweli mchungu ni kwamba majumba ya burudani ya wakati huo yalimpokea kwa sababu ulemavu uliuza tiketi, na jina la kisanii alilopewa lilitokana na huo mguu. Yeye aliamua kushindana na wenye miguu miwili kwa hatua zao wenyewe, na wengi hawakumfikia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliwatumbuiza askari waliopoteza viungo.

Ulemavu haukuwa kizuizi pekee. Katika hoteli za kitalii za milima ya Catskill, jimbo la New York, alishangiliwa jukwaani, lakini hakuruhusiwa kulala humo kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1951, yeye na mkewe, Alice, walifungua hoteli yao huko Kerhonkson, katika milima hiyo hiyo, wakawapokea wageni weusi waliofungiwa milango kwingine. Waliiendesha hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, muda mrefu kuliko wengi walivyotarajia katika biashara ya namna hiyo.

Bates alifariki dunia Desemba 1998 huko Fountain Inn akiwa na umri wa miaka 91, muda mfupi baada ya jimbo lake la South Carolina kumtunuku nishani yake ya juu. Alianguka akiwa njiani kwenda kanisani. Mji huo umemjengea sanamu.